Sayansi na Taharuki: Riwaya za Michael Crichton mbele ya Msomaji wa Kiswahili

Walimu wengi wa fasihi huitazama riwaya ya taharuki kwa jicho la pembeni. Huihesabu kuwa fasihi pendwa tu, kitabu cha kusomwa safarini na kusahauliwa kituoni. Lakini wanafunzi wetu huisoma kwa hiari yao, bila kuamriwa na bila kutarajia mtihani, na kitu kisomwacho na wengi kwa hiari hakifai kuachwa bila kuhakikiwa. Katika ukurasa huu twapenda kuzichunguza riwaya za Mmarekani Michael Crichton, na hasa ile iliyowekwa katika msitu wa Kongo, maana humo Afrika ya Kati imetumiwa kuwa uwanja wa hadithi.

Crichton alizaliwa mwaka 1942, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, akafariki mwaka 2008. Mwaka 1969, alipohitimu masomo hayo, ndipo ilipotoka The Andromeda Strain. Zikafuata nyingi, miongoni mwao Congo (1980), Jurassic Park (1990) na The Lost World (1995). Ni hizi mbili za mwisho tu zilizounganishwa kwa kisa kimoja. Hata hivyo msomaji huziona zote kuwa mfululizo mmoja, na yafaa tuulize kwa nini.

Mifululizo tuliyoizoea katika Kiswahili huunganishwa na shujaa. Muhammed Said Abdulla alituletea Bwana Msa, Elvis Musiba akatupa Willy Gamba, naye Ben Mtobwa akamwumba Joram Kiango. Matukio hubadilika, shujaa habadiliki, na msomaji hukinunua kitabu kipya kama amwendeaye rafiki wa zamani. Kwa Crichton shujaa wa namna hiyo hayupo. Kinachorudi kitabu baada ya kitabu ni mbinu. Mwandishi hujifanya mtoa taarifa: huweka saa na tarehe, majedwali, michoro, maandishi yaliyochapwa na kompyuta, na pengine orodha ya marejeo ya kitaalamu mwishoni, baadhi yakiwa ya kweli na mengine ya kubuni. Msomaji hulainishwa kwa ushahidi mpaka aamini yasiyoaminika. Taharuki haitokani na bastola. Yatokana na maelezo.

Katika The Andromeda Strain, setilaiti yaanguka karibu na kijiji kimoja cha Arizona ikiwa na kijidudu kutoka anga za juu. Watu wote wafa isipokuwa wawili, mzee mmoja na mtoto mchanga. Swali ni moja: hawa wawili wana nini kinachofanana? Jawabu limo katika kemia ya damu, na msomaji hulisubiri kama asubiriye jina la muuaji katika riwaya ya upelelezi. Aidha, maabara iliyochimbwa chini ya ardhi kwa gharama kubwa yakosa habari muhimu kwa sababu kipande kidogo cha karatasi kimekwama kwenye kengele ya mashine ya kupokelea ujumbe. Mitambo mikubwa yaangushwa na uchafu mdogo. Hapo ndipo Crichton alipo hodari kweli.

Mfano bora zaidi umo katika Jurassic Park. Wenye bustani wamewarudisha dinosaria kwa ujuzi wa chembe za urithi, na kompyuta huwahesabu wanyama hao kila mara. Wanaotarajiwa ni 238, na kompyuta hupata 238. Wote wameridhika. Ndipo mtaalamu wa hisabati anapoomba mashine iambiwe itafute 300, nayo yapata 292. Wanyama wamekuwa wakizaliana muda wote huo bila mtu kujua, kwa kuwa mashine iliagizwa itafute idadi fulani, na ilipoifikia iliacha kuhesabu. Wenye bustani waliogopa kupotelewa na wanyama. Kuongezeka kwao hakukuwamo katika hofu yao. Hatujui mfano ulio wazi kuliko huu wa kumfunza kijana kwamba chombo cha sayansi hujibu swali kilichoulizwa tu.

Kwa kipimo hicho hicho natuipime riwaya ya Congo. Kisa chake ni hiki. Kampuni ya Houston yatafuta almasi za buluu zenye boroni. Kwa sonara hazina thamani kubwa, lakini zaweza kupitisha umeme kwa namna ifaayo katika vyombo vya elektroniki. Msafara wa kwanza waangamizwa karibu na milima ya Virunga, na mauaji yaonekana Marekani kwa njia ya setilaiti. Msafara wa pili waongozwa na Karen Ross, mtaalamu wa kompyuta, pamoja na Peter Elliot na gorila wake Amy, aliyefundishwa ishara zaidi ya 600 za mikono. Washindana na kampuni za Japani na Ujerumani, wafika kwenye magofu ya mji wa Zinj, na kuwakuta gorila wa kijivu ambao vizazi vyao vya kale vilifundishwa na wanadamu kuyalinda machimbo.

Kuhusu vyombo, mwandishi ni mwangalifu. Almasi zenye boroni zipo, na tabia yake kuhusu umeme ni ya kweli. Amy naye si ndoto tupu: tangu mwaka 1972 Francine Patterson alikuwa akimfundisha ishara gorila aitwaye Koko huko California. Lakini tukitoka kwenye vyombo tukaingia kwenye nchi, uangalifu huo watoweka. Almasi za Kongo zimechimbwa hasa Kasai, mbali na Virunga. Jina Zinj ni lile lile la Zanj, ambalo Waarabu wa kale waliliita pwani yetu na watu wake, na ndilo lililomo ndani ya jina Zanzibar. Hapa limeng'olewa likapandwa msituni, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini. Na wenyeji je? Ni wapagazi, waelekezi, askari, na kabila la kubuni la wala watu. Wapagazi ni Wakikuyu kutoka Kenya, na mkuu wao Kahega ni mtu mwaminifu; lakini katika kitabu kizima hakuna Mwafrika mwenye swali la kisayansi. Gorila amepewa lugha na fikra kuliko mwenye nchi.

Atatokea msomaji aseme kwamba hii ni hadithi tu, na kwamba Crichton alikuwa akiifuata njia ya H. Rider Haggard, ambaye kitabu chake cha mwaka 1885 walimu wa zamani wamekijua kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Ni kweli. Lakini Haggard hakudai kwamba anatoa taarifa ya kitaalamu. Mwandishi anayetuomba tumwamini kwa sababu ana majedwali na marejeo amekubali mwenyewe kupimwa kwa majedwali na marejeo. Kompyuta ya Jurassic Park ilihesabu ilichotumwa kutafuta. Na mwandishi wa Congo alitafuta madini, mitambo na wanyama. Hakuwatafuta watu, kwa hiyo hakuwapata.

Hata hivyo haki itendeke. Crichton aliona mapema kwamba tamaa ya viwanda vya elektroniki ingefika mashariki ya Kongo. Alikosea jiwe, hakukosea tamaa. Mwaka 2000 bei ya koltani, yenye tantalamu itumiwayo katika simu na kompyuta, ilipanda ghafla, na machimbo ya Kivu yakawa sehemu ya vita. Katika riwaya wanaokufa ni wageni na wapagazi wao. Katika historia waliokufa ni wenyeji.

Swali linabaki mlangoni petu: kwa nini sayansi haijawa fundo la riwaya zetu za taharuki? Katika nyingi tulizonazo simu, gari na bastola ni zana za shujaa, si chanzo cha fumbo. Husemwa kwamba lugha yetu haina istilahi za kutosha. Hoja hiyo hatuikubali, na ushahidi umo katika nchi ile ile ya Virunga. Karibu na Goma na Sake, hewa ya kabonidayoksaidi hutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mabondeni, hasa usiku usio na upepo. Mbuzi aingiaye humo hufa, na mtu pia. Wenyeji huiita mazuku, na wataalamu wa volkano ulimwenguni wamelichukua neno hilo hilo katika maandishi yao. Kumbe sayansi yenyewe imekuja kuazima kwetu.

Na visa havikosekani. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa kileleni mwa Nyiragongo lilipasua ubavu wa mlima na kumwagika kwa muda usiofika saa moja; mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani; mwaka 2021 mlima ukalipuka tena. Chini ya maji ya Ziwa Kivu imelala hewa nyingi ya kabonidayoksaidi na methani, na Rwanda huivuna methani hiyo kuzalisha umeme. Ziwa dogo la Nyos, huko Kamerun, lilipotoa hewa yake usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, watu wapatao 1,700 walikufa. Mwandishi mwenye kipaji ahitaji nini zaidi?

Basi tunapendekeza kwamba vitabu hivi visifungiwe kabatini wala visisifiwe bila kupimwa. Mwalimu na achukue sura moja, wanafunzi waifasiri kwa Kiswahili, kisha waorodheshe vitu viwili: yale mwandishi aliyoyapima kwa makini, na yale aliyoyapita bila kuyatazama. Baada ya hapo wapewe kazi ya kuandika ukurasa mmoja wa taharuki, mahali pakiwa ufukwe wa Kivu, saa ikiwa ya alfajiri, na mtu wa kwanza kuigundua hatari awe mchunga mbuzi anayeijua mazuku kwa jina lake.