Mkurugenzi Ndiye Anayefua?

Barua yangu ya kwanza ya biashara niliiandika kwa Mkurugenzi Mtendaji wa hoteli moja. Ilikuwa na kila kitu: YAH kwa herufi kubwa na mstari chini yake, "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", bei za sabuni ya kufulia kwa ndoo ya lita 20, na muhuri tuliouchongesha Kariakoo juzi yake. Hoteli yenyewe ilikuwa ya ufukweni, kaskazini mwa Dar es Salaam. Mapokezi wakagonga "IMEPOKELEWA" kwenye nakala yangu, nikatoka pale natembea kama mtu aliyekwisha kuuza. Nakala ninayo mpaka leo. Jibu sina.

Mama mmoja niliyefanya naye kazi, aliyeuza vitenge na mabati kabla hajaingia kwenye sabuni, aliisoma yote kisha akaniuliza, "Mwanangu, mkurugenzi ndiye anayefua?"

Wiki iliyofuata alinichukua tukaenda hoteli ileile, saa moja asubuhi, geti la nyuma. Hakuomba kuingia. Alimsalimia mlinzi salamu ndefu, za nyumbani na za kazi, huku macho yake yakiwa kwenye kamba za kuanikia. Mashuka yalikuwa yameingia umanjano, na taulo zimekakamaa kama zimepigwa wanga. "Maji ya kisima hayo," akaninong'oneza. Alikuwa sahihi. Maji magumu huila sabuni: chokaa iliyoyeyuka ndani yake huigeuza utando, povu likakataa, dobi akaongeza kopo la pili na la tatu. Maji yakiwa na chuma, ndio huo umanjano. Dobi anagombezwa na msimamizi wa vyumba, msimamizi anagombezwa na mgeni. Huko juu kinachofika ni bili ya sabuni tu, na bili haisemi maji yana nini.

Watu husifia ulimi wa muuzaji. Mimi nausifu ufundi unaotangulia ulimi: kujua katika nyumba ile nani anaumia, nani anaandika maombi, nani anasaini, na nani anaweza kukukwamisha kwa kunyamaza tu. Mara chache sana huwa mtu mmoja. Pale hotelini dobi ndiye aliyejua tatizo, msimamizi wa vyumba akajaza fomu, mtu wa manunuzi akatafuta bei za watu watatu, mhasibu akatoa LPO, yaani hati ya kuagiza. Sisi tulianzia kwa dobi, na ndoo moja ya majaribio, tukiwa tumeinama naye juu ya beseni.

Pwani ufundi huu tunao siku zote, ila tunauita jina jingine. Barua ya posa huandikwa kwa baba wa binti, lakini mshenga anayejua kazi yake amekwisha kunywa chai kwa shangazi.

Serikalini mambo ni mengine, na ni vizuri yakawa hivyo. Zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na sheria imewagawa watu kwa makusudi: idara tumizi inaeleza haja yake, kitengo cha usimamizi wa ununuzi kinaendesha mchakato, bodi ya zabuni inaidhinisha, afisa masuuli anabeba dhamana. Huko hutafuti mtu wa kunywa naye chai. Unausoma mwito wa zabuni mpaka mwisho.

Kinachonisikitisha ni hizi orodha za namba za simu zinazouzwa, mtu akazimwagia ujumbe uleule, namba mia tano kwa mpigo, "Ndugu mteja". Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwapo, huko si kutafuta mtu. Ni kurusha mawe gizani ukisubiri nani atapiga kelele.

Mama naye alikosea. Kwenye hoteli nyingine alizoeana na dobi mpaka akamsahau msimamizi wa vyumba. Yule dada hakugomba wala hakukataa. Fomu ililala mezani kwake miezi miwili. Mama akavaa vizuri, akaenda kuomba radhi, na siku ile sabuni hakuitaja kabisa.

Alipoacha kazi aliniachia kaunta buku lake. Nilitegemea kukuta majina ya wakubwa na vyeo vyao. Kwenye ukurasa wa ile hoteli yangu ya kwanza, cheo cha mkurugenzi kiko pembeni, kwa penseli. Katikati, kwa wino wa bluu, kaandika: "Dobi. Anaingia saa kumi na mbili. Mgongo unamsumbua, usimsimamishe. Ijumaa mchana usipige."