Pongezi kwa Mafundi wa Kompaila

Programu iliyoandikwa kwa lugha ya C kwa kawaida haiendeshwi mpaka kompaila iigeuze kuwa amri za prosesa. Hatua ya mwisho ya kazi hiyo, inayochagua amri zenyewe, ina watunzaji wake katika kompaila ya GCC, iliyotolewa mara ya kwanza 1987, na katika mradi wa kompaila wa LLVM, ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000. Hao nawavulia kofia.

Tazama kugawanya tu. Kwa prosesa nyingi, kugawanya ni kazi ya polepole. Mwaka 1994 Torbjörn Granlund na Peter Montgomery walieleza namna ya kuikwepa pale kigawanyo kinapojulikana mapema, tuseme 10: zidisha kwa namba maalumu iliyokwisha kukokotolewa, kisha sogeza biti kulia. Jibu ni lile lile, daima. Leo kompaila hufanya hivyo yenyewe, na mwandishi wa programu anaendelea kuandika alama ya kugawanya bila kujua alichopewa. Huo, kwangu, ni ukarimu mkubwa.

Halafu kuna rejista, nafasi chache ndani ya prosesa za kushikilia thamani zinazotumika. Prosesa za x86-64 zina 16 za matumizi ya jumla. Programu mara nyingi huwa na thamani nyingi kuliko hizo. Ipi ibaki, ipi ipelekwe kwenye kumbukumbu? Kompaila ndiyo inayoamua.

Utunzaji ndio mgumu zaidi. Badiliko linaloharakisha prosesa moja laweza kuchelewesha nyingine, au, vibaya zaidi, kuleta jibu lisilo sahihi. Kwa hiyo kosa likirekebishwa, fundi huongeza jaribio dogo ili kosa hilo lisirudi tena, hata yeye akishastaafu.