Silabi ya Msamaha: Kuisoma Simulizi ya Mwenye Heri Anuarite

Simulizi ya kifo cha Sista Marie-Clémentine Anuarite imejengwa kwa kubana. Huanza Bafwabaka, kaskazini-mashariki mwa Kongo, waasi wa Simba wanapowachukua masista wa Jamaa Takatifu tarehe 29 Novemba 1964. Huingia mji wa Isiro, kisha nyumba moja, kisha watu wawili uso kwa uso: Anuarite na Kanali Pierre Olombe wa waasi hao. Kila hatua hupunguza nafasi, hata ifikapo usiku wa kuamkia 1 Desemba hakuna palipobaki wazi isipokuwa usemi.

Usemi wenyewe ni mfupi: anamsamehe kwa kuwa hajui alitendalo. Msikilizaji wa kigangoni, awe Mbeya au Iringa, huutambua mara moja mwangwi wa Injili ya Luka; ila ustadi umo katika kilichobadilika. Msalabani, Yesu anamwomba Baba kwa ajili ya watesi, na kitenzi hubeba -wa-: wao ni watajwa tu. Anuarite hasemi juu ya muuaji, anasema naye. Nakusamehe. Silabi hiyo -ku- inamtoa Olombe katika utajwa na kumfanya msemeshwa, mtu anayeweza kujibu. Kwangu kilele ni hapo. Bayoneti na risasi huja baada ya jambo kuu kwisha kutendeka. Papa Yohane Paulo II alipomtangaza Mwenye Heri, Kinshasa, 15 Agosti 1985, naye alimsamehe muuaji kwa jina la Kanisa zima.

Waasi wale walitegemea maji ya Mulele, yaliyoaminiwa kuzuia risasi, na msomaji wa Nyanda za Juu Kusini hawezi kulisikia neno hilo bila kuvikumbuka vita vya Maji Maji. Katika vita hivyo, tarehe 14 Agosti 1905, Mikukuyumbu, upande wa Liwale, waliuawa wamisionari watano wa Kibenedikto, familia ileile ya kitawa iliyoanzisha misioni ya Tosamaganga, Iringa. Nao walikufa safarini; lakini simulizi yao, tulivyoizoea, ni orodha, na cheo kimeshika mahali pa tukio. Hutangulia Askofu Cassian Spiss, wakafuata mabruda wawili. Hakuna anayemsemesha mwenzake. Felicitas Hiltner na Cordula Ebert, masista, huja mwishoni kabisa, baada ya kiunganishi “na”, kisha sentensi hufungwa.