Neno "Tease" na Mipaka ya Utani

Neno la Kiingereza "tease" hukutwa katika hadithi, katika vitabu vya malezi, katika kanuni za shule na hata katika taarifa za kazini. Mara nyingi wafasiri wetu hulipa kisawe kimoja tu, nacho ni tania. Twaona kuwa mazoea hayo yanaleta madhara, tena si madhara ya lugha peke yake.

Asili ya neno hilo ni kuchambua sufu, yaani kuzitenganisha nyuzi kwa kuzivutavuta. Maana hiyo ingaliko: mtaalamu wa maabara hutumia neno hilohilo anapotenganisha nyuzi za msuli ili azitazame kwa darubini, na hapo kisawe chetu ni chambua, bila ubishi. Kutokana na kule kuvutavuta ndipo ilipozuka maana ya kumsumbua mtu kidogokidogo kwa maneno au vitendo. Neno lenyewe halisemi kama msumbuliwa anafurahi au anaumia. Mwingereza huyajua hayo kwa muktadha.

Utani si hivyo. Utani ni uhusiano wenye haki na wajibu: babu na mjukuu, mabinamu, mashemeji, Wazaramo na Wanyamwezi. Mtani hukutukana hadharani nawe huna ruhusa ya kununa. Lakini msiba ukikufika, huyohuyo huja kuhudumu na kuwachekesha wafiwa. R. E. Moreau alipoandika juu ya jambo hili katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1941, aliliingiza neno utani katika anwani yake ya Kiingereza. Mgeni aliona kuwa lugha yake haimtoshi; sisi wenyewe twalitumia neno hilo kama chenji ya sokoni.

Yapo mapingamizi. Tutaambiwa kwamba siku hizi "natania tu" ni sawa na kusema "nafanya mzaha", na kwamba magazeti huziita Simba na Yanga watani wa jadi ingawa hakuna undugu baina yao. Ni kweli, maana imepanuka. Hata hivyo jambo moja halikubadilika: anayetaniwa aweza kujibu. Simba akifungwa leo hungoja zamu yake. Ndiyo maana kitenzi hiki hupenda umbo la kutendana, wanataniana. Mtoto anayemvuta paka mkia anamchokoza. Hatujamsikia Mswahili akisema kuwa anamtania paka.

Sasa tuchukue mwanafunzi mwenye kigugumizi, ambaye wenzake humwigiza kila asubuhi. Mwalimu akiandika kwamba "wenzake humtania", ameshakata kesi, maana mtani hashtakiwi. Mzazi akija kulalamika, atakayeonekana na kasoro ni mtoto asiyejua kuvumilia utani. Kinachotendeka hapo ni dhihaka, na ikiwa wenye nguvu wanaurudiarudia mchezo huo kwa mnyonge, basi ni uonevu. Vivyo hivyo kwa mkubwa wa ofisi anayezungumzia umbo la karani wake mbele ya wageni. Taarifa ikisema alimtania, karani amenyimwa neno la kudai haki yake. Aseme alimbughudhi. Mfasiri asiye na hakika na aulize kwanza: je, huyu aliyeambiwa angeweza kumrudishia mwenzake maneno yaleyale asipate hasara? Kama hawezi, tania haifai.

Kuhusu maana ya kumwonyesha mtu kitu na kukiondoa, tamanisha inatosha. Wanaopenda tega wakumbuke kuwa mtego hukusudia kunasa. Na kile kipande kifupi cha filamu au kipindi kinachotangulizwa ili watu wangoje kilichobaki kimekwisha kupata jina lake, kionjo, nasi hatuoni sababu ya kutafuta jingine.