Taa Moja Yatosha

Mtu anayetaka kujifunza kupiga picha za watu nyumbani huanza kwa kuulizia kamera. Atatajiwa lenzi, atatajiwa megapikseli, na pengine atatumia akiba yake yote kabla hajauliza swali lenye uzito zaidi: mwanga utatoka wapi? Kinachoupamba uso wa mtu pichani ni mwanga na upande ulikotoka, pamoja na kivuli ambacho mpiga picha ameamua kukiacha. Ufundi wa taa ni ufundi wa kutawala kivuli, na katika kazi nzima ya picha hakuna ufundi ninaouheshimu kuliko huo.

Tazama mlango wa nakshi wa Lamu katika nyumba ya ukingoni mwa bahari inayotazama mashariki. Asubuhi na mapema jua huupiga mlango huo usoni moja kwa moja, na nakshi zote hulala. Jua likipanda, likaanza kuukwangua mlango kutoka juu, kila ua na kila jani lililochongwa huinuka, kwa kuwa kila mchongo sasa una upande uliong'aa na upande uliofunikwa. Mbao ni zilezile. Uso wa binadamu nao, wenye paji, pua, mashavu na kidevu, hujitokeza au hulala kwa sababu hiyohiyo.

Ndiyo maana mwanafunzi wa taa anahitaji taa moja tu. Afunge mapazia, azime balbu ya darini, amketishe ndugu yake kitini, kisha aizungushe taa hiyo polepole huku akikitazama kivuli cha pua. Taa ikikaa mahali pamoja na kamera, uso huwa bapa na mpana. Ikipandishwa juu kidogo ya macho na kusogezwa kando, kiasi cha nusu ya pembe mraba, shavu moja huanza kupata umbo. Ikisogea zaidi, kivuli cha pua hukutana na kivuli cha shavu na kuacha pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho la upande wa giza. Wapiga picha huuita mtindo huo Rembrandt, kwa jina la mchoraji wa Uholanzi aliyeishi kuanzia 1606 hadi 1669, ambaye nyuso alizochora zina mwanga wa namna hiyo. Taa ikifika ubavuni kabisa, nusu ya uso humezwa. Wakati wote huo mpiga picha achunge macho: lazima kila jicho libebe nukta ya mwanga. Jicho lisilo na nukta hiyo huonekana limezimika, hata kama mwenyewe anacheka.

Akishajua taa ikae wapi, ajifunze ukubwa wake. Jua ni kubwa kupita kiasi, lakini liko mbali mno, hivyo machoni petu ni duara dogo tu na vivuli vyake hukatwa kama kwa wembe. Wingu likilifunika, anga lote hugeuka kuwa taa na vivuli hulainika. Nyumbani kazi ya wingu hufanywa na shuka jeupe lililotandazwa mbele ya taa, bila kugusa balbu yenye joto. Kadiri shuka hilo linavyokuwa pana na karibu na uso, ndivyo mwanga unavyokuwa mpole. Ukiirudisha nyuma taa hiyohiyo pamoja na shuka lake, upole huo utapungua.

Umbali una hesabu yake pia, na hesabu hiyo ni ya faida kubwa kwa mwenye chumba kidogo. Mwanga wa taa unaokwenda umbali mara mbili hubaki robo. Ukienda mara tatu, hubaki sehemu moja kati ya tisa. Mketishe mtu mita 1 kutoka kwenye taa, ukuta ukiwa mita 3 kutoka kwenye taa hiyo, na ukuta mweupe wa sebule utatoka pichani ukiwa kijivu kilichokolea. Hakuna haja ya kununua pazia la studio wala kupaka rangi. Ukitaka upande wenye kivuli usiwe mzito sana, simamisha karatasi nyeupe ya manila upande huo, na mwanga utarudi shavuni kwa utulivu.

Jambo moja lataka moyo wetu wote, nalo ni ngozi yetu. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizokuwa na sura ya mwanamke mweupe, na watu weusi walitoka katika picha hizo wakiwa wamefifia, wamebaki macho na meno. Kamera za leo ni bora zaidi, ila bado hazijui zinamtazama nani. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe unaong'aa, na kamera iliyoachiwa ijiamulie itaudidimiza uso wake. Basi pima mwanga usoni pake, usipime ukutani. Ujue pia kwamba ngozi nyeusi hujieleza zaidi kwa mng'ao: mwanga mpana ukipita kwa ubavu huacha mstari laini wa kung'aa juu ya shavu na taya, na mstari huo ndio unaoonyesha umbo. Anayeichakata picha baadaye ili ngozi iwe nyeupe amekwepa kazi iliyompasa kuifanya kwa taa.

Waliotutangulia waliweza haya kwa vifaa vichache. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Alipiga picha zake nyingi uani, kwa mwanga wa mchana, na shuka la kitanda chake likawa pazia la nyuma. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida mteja alipigwa picha moja tu. Mkao, mikono na mwanga vilipangwa kabla ya kubonyeza. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na familia nyingi za visiwani zina sura za wazee wao kwa sababu ya studio kama hiyo. Watu walivaa nguo za sikukuu kwenda huko. Waliamini kwamba kuna mtu atakayewatazama kwa makini.

Hapo ndipo ninapoupenda zaidi ufundi huu. Kupanga taa kunamlazimu mpiga picha amtazame mtu kwa muda mrefu kuliko adabu ya kawaida inavyoruhusu, naye akubali kutazamwa. Utagundua kovu ambalo bibi yako angependa lionekane, na jicho ambalo mjomba angependa likae upande wa kivuli. Uliza. Mwenye miwani mwinulie taa ili mng'ao usitue kwenye vioo vyake. Taa za duara zinazouzwa siku hizi zina kazi yake, lakini zikisimama usoni hufuta kila kivuli, na pamoja na kivuli hufuta miaka ambayo mtu ameishi.

Kwa hiyo, msomaji, usingoje kununua. Tafuta taa moja, shuka jeupe na karatasi ya manila, kisha uanze na walio karibu nawe, hasa wazee. Jifunze nyuso zao wakiwa bado wanaweza kukaa mbele yako.