Konde Fupi la George Foreman

Tarehe 5 Novemba 1994, ukumbi wa MGM Grand, Las Vegas. Raundi tisa zimekwisha na George Foreman, mwenye miaka 45, anachapwa. Majaji wawili wamempa Michael Moorer, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, pointi 88 kwa 83, wa tatu 86 kwa 85. Zimebaki raundi tatu. Hata angezichukua zote, kwa majaji wale wawili pointi zisingetosha. Ilibaki njia moja tu: kumlaza.

Akamlaza. Wengi huiita bahati ya mzee, na hapo ndipo wanapokosea.

Ubingwa huo Foreman aliwahi kuupoteza Kinshasa, Oktoba 1974. Siku ile alirusha makonde mapana kutoka mbali, kila moja kwa nguvu zote, huku Muhammad Ali ameegemea kamba. Kufika raundi ya nane mikono yake ilikuwa imechoka, na Ali akammaliza. Miaka 20 baadaye alipanda ulingoni na bukta ileile nyekundu, safari hii Angelo Dundee, aliyekuwa kona ya Ali, akiwa kona yake.

Kilichobadilika ni matumizi ya nguvu. Foreman huyu hakumkimbiza mtu. Alikunja mikono mbele ya uso, akasogea kwa hatua fupi, akapiga ngumi nyoofu. Mapumziko aliyapitisha amesimama, kigoda hakitaki. Hilo, kusema kweli, lilikuwa na mbwembwe kidogo.

Moorer ni mashoto, mguu wa kulia mbele. Bondia wa aina hiyo anapokutana na mtu wa mkono wa kulia, silaha ya kuogopa ni kulia nyoofu, kwa kuwa inapita katikati ya mikono yake. Dawa yake ni kuzunguka kuelekea kulia kwake, ajitenge nayo. Kocha wake, Teddy Atlas, alimsihi asisimame mbele ya Foreman. Lakini kijana alikuwa anaongoza kwa raha zake. Ahame aende wapi? Akasimama palepale.

Raundi ya 10 Foreman akatuma kushoto, si ya kuumiza, ya kupima umbali na kumziba macho, kisha kulia. Moorer akayumba, hakuondoka. Ikaja tena kushoto, kulia. Hii ya mwisho ilisafiri umbali mfupi mno, ikatua kidevuni, Moorer akaenda chali. Mwamuzi Joe Cortez akahesabu hadi kumi: dakika 2 na sekunde 3 za raundi.

Mbinu hiyo ilimhitaji mpinzani asiyehama. Aprili 1995 Mjerumani Axel Schulz hakukubali kusimama, alipiga na kuondoka, na Foreman alimaliza raundi 12 jicho limevimba. Alipewa ushindi kwa majaji wawili, wa tatu akitoa sare, na uamuzi huo ulizomewa.