Holt, mandazi na daftari la madeni

Ukizungumza na wazazi wanaosomesha watoto nyumbani, jina la John Holt halikawii kutoka. Huyu Mmarekani alikuwa mwalimu wa darasa, akakata tamaa na shule, na mwaka 1981 akatoa Teach Your Own. Nimekisoma nikitafuta jibu la swali moja: mtoto anayesomea nyumbani, mwezi wa saba ukifika, naye anaingia vakansi?

Kwa Holt, swali lenyewe limetoka shuleni. Mtoto hajifunzi juu ya kengele. Anajifunza akiishi, akicheza, akiachwa kufanya kazi za kweli pamoja na wakubwa. Basi hakuna cha kufunga mwezi wa saba wala cha kufungua mwezi wa tisa. Barua za wazazi alizoziweka ndani njo sehemu inayonipendeza zaidi, juu ya zinaonyesha watoto wa kweli. Na sisi tunawajua hao. Mupe mtoto beseni ya mandazi: saba kwa faranga 300 ni 2.100, mteja ametoa 5.000, anarudisha 2.900 wewe ungali unatafuta simu mfukoni.

Shida iko kwenye karatasi. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walitoa utafiti juu ya watoto 5 waliokuwa wakiuza katika mji wa Recife, Brazili. Penye biashara walijibu sawa maswali kama 98 kwa 100. Walipopewa hesabu za namna ile ile zikiwa tupu, bila nazi wala mteja, walipata kama 37 tu. Mfuasi wa Holt atasema: unaona, karatasi njo mbaya! Mimi naona pia kwamba akili ya sokoni haivuki yenyewe kwenda kwenye daftari. Na mtihani wa mwisho wa primeri hauna beseni.

Tena Harris Cooper na wenzake, mwaka 1996, walikusanya tafiti 39 juu ya vakansi ndefu za Marekani. Mtoto alirudi amepoteza kama mwezi mmoja wa masomo, na vilivyopotea zaidi ni kukokotoa na kuandika maneno bila makosa. Hivyo vyote havifanywi na mtoto kwa raha yake.

Hapo njo kitabu kinanichosha. Holt anaandika kama kila nyumba ina vitabu mezani na mkubwa mwenye nafasi. (Yeye mwenyewe hakuwa na mtoto, tuseme tu.) Kwetu Bukavu, ndani ya nyumba ni Kiswahili na Mashi. Kifaransa kinakaa kwenye kaye. Ukifunga kaye miezi miwili, umefunga na Kifaransa, ata mtoto awe na akili namna gani.

Mimi nafundisha watoto wawili wa dada yangu, na vakansi nimewapa: asubuhi yote ni yao. Jioni mkubwa anaandika mauzo na madeni ya mama yake, anajumlisha kwa karatasi, kwa Kifaransa. Mdogo anaandika dikte ya mistari minne. Juzi aliandika "farine" kwa njia tatu katika ukurasa mmoja. Holt angengoja mtoto agundue mwenyewe. Nilimpa mfuko wa unga autazame, akafuta mbili, amenuna.

Kwa kaye za vakansi za kununua, lakini, narudi upande wa Holt. Nyingi ninazoziona zinajazwa juma la mwisho la mwezi wa nane, kwa biki moja, na mara nyingine kwa mkono wa yaya mkubwa.